Nyama ya shingoni: Chakula cha sikukuu kina sarufi yake

Katika Kiswahili hakuna kitenzi chenye tumbo kubwa kuliko ‘kula’. Shahidi hula kiapo mahakamani, wahalifu hula njama, mfanyabiashara hula hasara, na mzee aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Disemba inapowadia, abiria wanaosongamana katika vituo vya magari jijini Nairobi wakiulizwa waendako hujibu bila kusita: “Naenda nyumbani kula Krismasi.”

Jibu hilo tumelizoea mno hata hatulitafakari. Abiria huyo hasemi kwamba anakwenda kuiona Krismasi, wala kuiadhimisha, wala kuisikiliza ikihubiriwa. Anakwenda kuila. Lugha imekwisha kumtolea siri: kwake yeye, sikukuu isiyopita kinywani haijafika.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Nchini Vietnam, ambako mwaka mpya wa kalenda ya mwezi huitwa Tết, watu husema ‘ăn Tết’, yaani kula Tết. Hata harusi huko huliwa. Chakula kikuu cha siku hizo katika sehemu za kaskazini ni ‘bánh chưng’, mkate wa mraba wa mchele unaonata, uliotiwa ndengu na nyama ya nguruwe, ukafungwa kwa majani mabichi na kuchemshwa saa nyingi, aghalabu usiku kucha, jamaa wakiukesha moto pamoja. Hadithi yao ya kale husimulia kuhusu mwanamfalme Lang Liêu, ambaye hakuwa na mali ya kumtafutia baba yake zawadi za mbali. Alimwandalia mkate wa mraba uliokuwa mfano wa ardhi na mwingine wa mviringo uliokuwa mfano wa mbingu. Wenzake walileta vya thamani. Yeye aliyeleta vyenye maana ndiye aliyerithi kiti.

Nimeianza makala hii mbali hivyo kwa makusudi, msomaji mpenzi. Ni rahisi kuiona maana katika chakula cha watu wengine. Kuiona katika sufuria ya mama yako ni kazi nyingine, na mimi, ambaye nimepewa shahada ya uzamifu kwa kuchunguza maneno ya lugha za Kibantu, nilikaribia kushindwa na kazi hiyo mwezi wa Agosti mwaka 2024.

SIMU YA DADA

Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimoja kisicho mbali na soko la Chwele, katika Kaunti ya Bungoma, ingawa kwa miaka mingi makazi yangu yamekuwa mjini Kitale. Wasomaji wa sehemu hizo wanajua kwamba Wabukusu hutahiri wavulana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti. Jirani zetu Wamasaba wa ng’ambo ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, nao hufuata hesabu hiyohiyo. Mwaka huo ilikuwa zamu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa aliyeolewa upande wa Kimilili.

Kwa desturi, mvulana anayejiandaa kutahiriwa hufunga njuga, zile tunazoziita ‘chinyimba’, akawazungukia jamaa kuwaalika. Siku moja kabla ya kisu, huenda kwa ‘khocha’, yaani mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba humchinjia fahali. Kutoka kifuani mwa mnyama huyo hukatwa ukanda mrefu wa nyama, nao huvikwa shingoni mwa kijana. Ukanda huo ndio ‘luliki’. Kijana hurudi nao kwao akiimba, damu ikimtiririka kifuani, inzi wakimfuata, na kila amwonaye njiani hujua kwamba huyu ametoka kwa wajomba zake na wamemkubali.

Wiki ile nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha. Nikampigia dada simu nikamwambia kwamba ningemtumia fedha kwa njia ya simu, kiasi cha kutosha kununua ng’ombe mzima buchani na kubaki chenji ya mchele. Nilidhani nimekuwa mkarimu. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Mwana wa mama, pesa hazivaliwi shingoni.”

Nilijaribu kujitetea. Nilimkumbusha kwamba wao wenyewe, yeye na shemeji, walikuwa wamekubaliana kisu kiwe cha mhudumu wa afya aliyesomea kazi hiyo. Kama kisu kimebadilika, kwa nini nyama isibadilike? Dada hakusomea isimu, lakini jibu lake lingemfaa mhadhiri yeyote. “Kisu ni cha kukata,” akasema. “Nyama ni ya kusema. Wewe unataka kumwambia nini mtoto wangu?”

Nilizifunga karatasi zangu. Kesho yake nilishika njia ya Kiminini na Kamukuywa, nikakata kuelekea Kimilili, nikafika Chwele jua likielekea kuzama.

NG’OMBE ALIYERUDI

Je, nyama hiyo husema nini? Wazee wa kwetu hueleza hivi. Binti alipoolewa, ng’ombe wa mahari walitoka kwa mumewe wakaja katika boma la baba na kaka zake. Aghalabu kaka alioa kwa ng’ombe walewale. Hivyo mjomba ni mdaiwa. Nyumba yake imesimama juu ya ndoa ya dada yake. Siku mtoto wa dada huyo anapovuka utoto, mjomba hurudisha sehemu ya deni mbele ya watu wote, na hurudisha kwa kitu kilekile kilichotolewa, yaani ng’ombe.

Tazama basi jinsi ujumbe huo ulivyopangwa. Mtoaji lazima awe ndugu wa mama. Kinachotolewa lazima kiwe mnyama aliyechinjwa nyumbani kwake. Sehemu inayovaliwa lazima itoke kifuani. Mpokeaji huivaa mwilini, wala hatiwi mkononi kama ombaomba. Ukibadilisha kimojawapo, umebadilisha maana, sawa na mtu anayebadilisha kiambishi cha kitenzi: ‘anampiga’ si ‘anapigwa’, ijapokuwa mzizi ni mmoja. Hiyo ndiyo ninayoiita sarufi ya chakula. Fedha zangu zingenunua nyama nyingi kuliko fahali yule, lakini zingekuwa mzizi usio na viambishi. Kijana angeshiba, ila asingeambiwa neno.

Sasa nikiri aibu yangu ya pili. Asubuhi ya kuchinja, mzee mmoja wa ukoo wetu alinikabidhi kisu akaniagiza nitenge sehemu: ya wazee, ya akina mama waliopika, ya waliomshika mnyama, na ile ya kijana. Alizitaja sehemu hizo kwa majina yake ya Lubukusu, moja baada ya nyingine, kwa upesi wa mtu anayetaja siku za juma. Nilisimama kimya. Majina mengi sikuyajua, na mawili niliyoyajua sikujua yanaanzia wapi katika mwili wa ng’ombe. Mzee alinitazama, akanyang’anya kisu taratibu, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi: “Si wewe ndiye daktari wa lugha?”

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kisha nikatoa daftari nikaandika majina yote aliyoyarudia, na kurasa zile hadi leo zina madoa ya damu. Nimewahi kuandika juu ya ngeli za nomino katika lugha hiyohiyo. Nilichambua viambishi vya maneno ambayo vitu vyake vilikuwa vikipita chini ya pua yangu bila mimi kuvifahamu.

CHUNGU CHA WIMBI

Luliki si chakula pekee kinachozungumza msimu huo. Siku kadhaa kabla ya kisu hufanywa ‘khuchukhila’. Mvulana huteka maji, huyamimina mwenyewe katika chungu chenye unga uliochachushwa na kukaangwa, pamoja na kimea cha wimbi, ili ipatikane pombe ya sherehe. Kwa Kiswahili cha mitaani ni busaa. Sisi tunaiita ‘kamalwa’. Pombe hiyo hainywewi na mvulana. Yeye huianzisha tu, wazee wakaimaliza, wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, ‘lusekhe’. Kijana huandaa kitu ambacho bado hana ruhusa ya kukila. Hakika ni vigumu kupata somo fupi kuliko hilo kuhusu maana ya kungoja.

Neno ‘kamalwa’ lenyewe lina ukoo mpana. Ukivuka mpaka wa Malaba utaikuta ‘malwa’ ikinywewa kwa mirija vilevile. Ukiendelea hadi kwa Wanyankole na Wanyarwanda utakutana na ‘amarwa’. Ni mzizi mmoja uliosafiri na watu karne nyingi, ukabeba pamoja nao nafaka, chungu na adabu ya kukizunguka. Hali ni hiyohiyo kwa ndege wa sikukuu: ‘engokho’ wa Bungoma ndiye ‘nkoko’ wa Buganda, ndiye ‘kuku’ wa Mombasa. Mwanafunzi akiyapanga maneno hayo kwenye ubao, ataona undugu wa watu wetu kwa macho yake, bila kuhubiriwa umoja wa taifa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba chungu kile hakikuguswa na wakati. Wimbi, ambalo sisi twaliita ‘bulo’, ndilo lililokuwa unga wa ugali na pombe kabla mahindi hayajatawala. Na mahindi, yaliyotoka bara la Amerika, yalipata kiti cha enzi hapahapa kwetu: mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ilitolewa Kitale, na Trans Nzoia ikazidi kujulikana kama ghala la nchi. Leo busaa nyingi hupikwa kwa unga wa mahindi, na wimbi hubakia katika kimea. Ugali mweusi wa wimbi umekuwa chakula cha heshima, ilhali hapo kale ulikuwa wa kila siku. Hiyo nayo ni kanuni inayojulikana katika isimu: neno linapoacha kutumika sokoni, mara nyingi hujificha katika ibada.

Tena busaa imepitia misukosuko ya sheria. Kwa miongo kadhaa mama aliyeipika aliishi akimwogopa askari, hadi Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilipobadilisha utaratibu huo. Sisemi haya ili kuutetea ulevi. Nimewaona vijana wa kijiji changu walioangamizwa na kileo. Ninasema tu kwamba chungu kinachonywewa na wazee chini ya mwembe kwa sababu maalumu, na kibanda kinachouza kikombe kwa kikombe tangu asubuhi, ni sentensi mbili tofauti, ijapokuwa zinatumia neno moja.

FIRIGISI

Hadi hapa huenda msomaji akadhani kwamba mimi ni mmoja wa wale wanaolia kila kukicha kuwa mila zimepotea na turudi tulikotoka. Sivyo. Naomba nisimulie habari ya marehemu mama yangu.

Katika mila za Waluhya wengi, mwanamke hakula kuku wala mayai. Alimfuga, akamkimbiza, akamnyonyoa, akampika na kumwandaa mezani. Kisha akarudi jikoni kula mboga. Firigisi, au ‘imondo’ kama wengi wanavyoiita, ilikuwa ya baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ole wake mpishi ambaye firigisi ilipotea chunguni mwake. Mzungu mmoja, Günter Wagner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walogooli na Wabukusu katika miaka ya 1930, aliyaandika mengi ya desturi zetu katika kitabu kilichotoka kwa juzuu mbili, mwaka 1949 na 1956. Lakini mimi sikuhitaji kitabu. Nilimwona mama.

Kila Krismasi ya utoto wangu, mama alimchinja jogoo. Kila Krismasi alikaa jikoni akaokota murere kwa tonge la ugali, huku sisi wavulana tukigombea mapaja sebuleni. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Watoto hawaulizi juu ya sarufi ya lugha yao wenyewe, huizungumza tu.

Desturi hiyo ilikwisha kutikiswa kabla mama hajazaliwa. Baada ya wamisionari wa Kikweka kufika Kaimosi mwaka 1902, baadhi ya wake wa waumini wa mwanzo walikula kuku kama alama ya kuvuka mpaka. Nao walikuwa wakisema kwa chakula. Waliielewa sarufi ya zamani vizuri sana, na ndiyo maana walijua ni sentensi ipi ya kuivunja. Lakini mabadiliko hayaingii kila nyumba kwa siku moja. Kwetu yalichelewa.

Disemba mwaka 2024, miezi minne baada ya sherehe ya mpwa wangu, jamaa walikusanyika kwangu Kitale. Binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na mitatu alisaidia kupika. Chakula kilipoletwa, firigisi ilikuwa katika sahani yangu, kama kawaida. Binti akaniuliza mbele ya wageni: “Baba, nyanya alikuwa akipewa sehemu gani?” Dada yangu aliinua macho akanitazama. Hakuna aliyejibu.

Niliikata firigisi ile vipande viwili. Kimoja nikampa dada, kingine nikampa binti aliyeuliza. Dada alikishika muda mrefu kabla ya kukitia kinywani. Sijui alikuwa akimfikiria nani, ingawa nadhani najua. Hatukuzungumzia jambo hilo tena, wala halikuhitaji maneno.

Baadaye nilijiuliza: je, kwa kufanya vile niliivunja mila? Nilivunja kanuni moja, ni kweli. Lakini tendo lile lingekuwa bure kama firigisi isingekuwa na maana yake ya kale. Katika nyumba ambamo firigisi ni kipande cha nyama tu, kumpa binti firigisi hakusemi chochote. Heshima niliyompa dada yangu niliikopa kutoka kwa mila ileile iliyomnyima mama. Hapa ndipo ninapotofautiana na makundi yote mawili: wale wanaotaka kila desturi ihifadhiwe kama samaki mkavu, na wale wanaotaka yote yatupwe shimoni. Anayeijua sarufi aweza kuibadilisha kwa akili. Asiyeijua hubahatisha tu, mara abomoe lililo jema, mara ahifadhi lililo ovu, asijue tofauti.

CHAPATI NAYO NI MILA

Mila pia huzaliwa. Leo hakuna Krismasi ya Kitale wala ya Bungoma isiyo na chapati. Mama anaweza kukosa sukari, lakini tarehe 25 Disemba atasukuma chapati hata kwa chupa. Neno hilo ni la Kihindi, na wengi wa wafanyakazi waliojenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu mwaka 1901 walikuwa watu wa Bara Hindi. Ngano nayo ikaja kustawi katika mashamba ya nyanda zetu za juu. Kile kilichokuwa mlo wa wageni kimekuwa chakula kinachowarudisha watoto wetu nyumbani.

Watu wa Kitale wanajua zaidi kuliko wengi jinsi vyakula vinavyoweza kukaa meza moja. Katika sherehe moja mjini humo utakutana na mursik ya Wakalenjin, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti maalumu. Utakutana na kitoweo cha mnavu na saga kutoka kwa Waluhya na Wakisii. Na pilau yenye harufu ya pwani, ambako chakula cha Idi hakiandaliwi bila hesabu ya jirani atakayepelekewa sinia. Kibuyu cha mursik kinapompokea mwanariadha uwanja wa ndege, Wakenya wote huelewa anachoambiwa, hata wasiojua neno moja la Kinandi. Hiyo ni sentensi iliyokwisha kuwa ya taifa.

Kwa hiyo tusiwacheke watoto wanaosema kwamba chakula chao cha sikukuu ni chapati na kuku. Swali la kuwauliza ni jingine: nani huisukuma? Nani hula kwanza? Nani hupelekewa? Nani hukosa? Katika majibu ya maswali hayo manne ndimo utamaduni ulimo.

KAZI KWA WALIMU

Nimesema kwamba wasomaji ninaowalenga ni walimu na wanafunzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji, na Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umezipa lugha za mama nafasi katika madarasa ya chini. Aidha, Disemba 2021 shirika la UNESCO liliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano mizuri ya uhifadhi. Juhudi hiyo, iliyoanza mwaka 2007, imeorodhesha mamia ya mimea inayoliwa, pamoja na majina yake ya kienyeji. Murere na saga, ambazo zamani zilidharauliwa kama chakula cha maskini, sasa huuzwa katika maduka makubwa.

Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini orodha ya majina ni kamusi tu, na kamusi haimfundishi mtu kuzungumza. Tukiishia kuwafundisha watoto kwamba ‘bulo’ ni wimbi na ‘kamalwa’ ni busaa, tutakuwa tumewapa nomino bila vitenzi. Wanahitaji kujua nani humpa nani, lini, kwa nini, na nini hutokea asipopewa.

Nina pendekezo moja ambalo halihitaji fedha za wizara. Likizo ya Agosti au ya Disemba inapokaribia, mwalimu wa Kiswahili ampe kila mwanafunzi kazi ya kuhudhuria mlo mmoja wa sherehe katika jamaa yake, iwe tohara, harusi, Idi, Krismasi au matanga. Achukue daftari. Aandike jina la kila chakula katika lugha ya kwao, jina la kila sehemu ya mnyama, na mtu aliyepewa sehemu hiyo. Kisha amwulize mzee mmoja maana yake, na amwulize mwanamke mmoja maoni yake. Majibu ya wawili hao yakitofautiana, na mara nyingi yatatofautiana, basi mwanafunzi amepata insha.

Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi kama hilo. Kijana mmoja wa Turkana, msichana mmoja wa Lamu na wengine watatu wa Magharibi walirudi na mambo ambayo sikuwahi kuyasoma popote. Wengine walirudi na kurasa tupu, wakaniambia kwamba nyanya zao waliokuwa wakijua walikwisha kufariki. Niliwapa alama kwa ukweli wao. Hata hivyo kurasa zile tupu zilinisumbua zaidi ya majibu yote mabaya niliyopata kuyasahihisha, maana nilijua zingeweza kuwa zangu.

Nirudi Chwele. Jioni ile, baada ya mpwa wangu kuvikwa luliki, nilimsindikiza hatua chache hadi barabarani. Ukanda ule ulikuwa umemlemea, naye alikuwa ameushika kwa mikono miwili usiteleze. Nilimwuliza anajisikiaje. Nilitazamia neno la ushujaa, kama wavulana wa umri wake wanavyopenda. Akajibu: “Ni nzito, mjomba. Lakini usiniondolee.”

Kisha akaanza kuimba, wenzake wakaitikia, wakashika njia ya Kimilili. Nilisimama hapo mpaka mlio wa njuga ukapotea. Dada ana mvulana mwingine, mdogo wake huyu. Kwangu kuna ndama dume ambaye tumekwisha kumtaja kwa jina la mtoto huyo, na katika daftari langu lenye madoa kuna majina ambayo ninayakariri kila mwisho wa juma, ili siku hiyo mzee akinikabidhi kisu, asiwe na haja ya kukichukua tena.